Mali bila daftari: Kisarawe, Kibaha na haki ya mkulima kuona nyaraka za kijiji

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa Pwani wameutumia usemi huo miaka mingi wakimaanisha duka, bidhaa na wadaiwa. Lakini kwa mkulima wa Kisarawe au Kibaha, ambaye mali yake kubwa ni shamba, daftari linalolinda mali yake halikai nyumbani kwake. Linakaa katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, nalo huitwa kitabu cha mihtasari.

Ndani ya kitabu hicho huandikwa tarehe ya mkutano, majina ya waliohudhuria, ajenda, kilichoamuliwa na sahihi. Mwekezaji anapotaka ardhi, safari ya maombi yake hupita katika kurasa hizo kabla ya kufika wilayani, mkoani na wizarani. Kijana anapogawiwa ekari mbili za kulima mihogo, haki yake huanzia humo. Hata hivyo, ni wakulima wachache wanaojua kwamba wana haki ya kukiona kitabu hicho, na ni wachache zaidi waliowahi kukiomba.

Suala la wananchi kupata nyaraka za serikali na kuhudhuria vikao vyake huzungumzwa zaidi mijini, na mara nyingi huonekana kuwa ni jambo la waandishi wa habari, wanasheria na wanasiasa. Yaliyotokea Kisarawe kati ya miaka ya 2000 na 2011 yanaonyesha kwamba ni suala la uchumi wa kaya, sawa na mbegu, mbolea na bei ya mazao.

Mibono kaburi iliyoacha somo

Katikati ya miaka ya 2000 bei ya mafuta ghafi ilikuwa ikipanda kila mwaka, hadi ikafikia takriban dola 147 za Marekani kwa pipa Julai 2008. Nchi tajiri ziligeukia mafuta yatokanayo na mimea. Mbono kaburi, mmea ambao watu wa vijijini wameuzoea kama ua wa shamba na alama ya makaburi, na ambao wataalamu huuita jatrofa, ukaanza kutajwa kama dhahabu ya kijani.

Kampuni ya Sun Biofuels yenye asili ya Uingereza ilichagua Kisarawe. Ardhi iliyohitajika ilikuwa ya vijiji 11, vikiwamo Mtamba, Muhaga, Marumbo, Kurui na Mzenga. Mwaka 2009 kampuni ilipata haki ya kutumia zaidi ya hekta 8,000, sawa na takriban ekari 20,000, kwa kipindi cha miaka 99.

Vijiji havikukubali bure. Wananchi walitarajia ajira, barabara, visima, zahanati na madarasa. Watafiti na waandishi waliofika huko baadaye walielezwa na wanakijiji kwamba ahadi hizo zilitolewa kwa mdomo. Wengi walisema hawakuwahi kuuona mkataba. Wengine walilalamikia fidia, ama kwa kuwa ndogo au kwa kuchelewa, na wapo waliosema vyanzo vya maji walivyozoea kuchota viliangukia ndani ya mipaka ya shamba jipya.

Mwaka 2011 shughuli zilisimama. Mamia ya wafanyakazi, wengi wao vijana wa vijiji hivyo hivyo, walipoteza ajira, na mradi ukahamia mikononi mwa kampuni nyingine. Dhahabu ya kijani ilikuwa imeisha kabla ya mibono mingi kufikia umri wa kuzaa vizuri.

Ikumbukwe kwamba mradi haukuanguka kwa sababu ya usiri. Kufikia Desemba 2008 bei ya mafuta ilikuwa imeshuka chini ya dola 40 kwa pipa, na msukosuko wa fedha duniani ukafanya mitaji iwe adimu. Kilimo cha biashara kina hatari zake, na kampuni yenyewe ilipata hasara. Lakini biashara inapoanguka, swali linalobaki ni nani atabeba hasara, na jibu la swali hilo hutoka katika karatasi. Mwenye mkataba unaotaja kisima, tarehe ya kukichimba na adhabu ya kutokichimba ana dai. Mwenye kumbukumbu ya hotuba iliyotolewa chini ya mwembe hana dai lolote.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wengi hawakulifahamu mapema. Ili mwekezaji wa nje apewe ardhi, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza na kuwa ardhi ya kawaida, yaani hutoka chini ya kijiji. Mwekezaji akishindwa, ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe. Tofauti na mtu aliyekodisha shamba kwa msimu mmoja, kijiji hakiwezi kusema mpangaji ameondoka basi mwenye shamba arudi kulima. Hatua hiyo moja ya kisheria ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko fidia ya minazi na mikorosho, nayo ilipaswa kuelezwa na kuandikwa katika kila muhtasari kabla ya sahihi ya kwanza.

Sheria ilikuwapo

Wapo wanaodhani kwamba matatizo ya wakati ule yalitokana na kukosekana kwa sheria. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa ndio chombo cha juu cha kuamua sera za kijiji. Mkutano huo si wa wajumbe wachache. Ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtendaji wa maamuzi ya mkutano huo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaongeza nguvu. Inasema Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, na katika kila mkutano wa kawaida inapaswa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi na kusikiliza maoni ya wananchi. Aidha, kijiji kinatakiwa kuwa na daftari la ardhi.

Kuhusu kuhamisha ardhi ya kijiji, sheria hiyo inataka tangazo lichapishwe katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kijijini, likieleza eneo, mipaka na sababu, na muda usiopungua siku 90 upite kabla uhamisho haujafanyika. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Pia sheria inataka aina, kiasi na muda wa kulipa fidia vikubaliwe kwanza.

Kwa mradi wa zaidi ya hekta 8,000, basi, sauti ya mwisho haikuwa ya kijiji. Ilikuwa ya Waziri. Hapo ndipo thamani ya muhtasari inapoonekana. Waziri hakukaa chini ya mwembe wa Mtamba wala Muhaga. Alichoweza kukizingatia ni kilichoandikwa. Kama wananchi walisema "tunakubali kwa sharti la kisima na zahanati", lakini karatasi ikaandika "wananchi wamekubali", basi kwa serikali na kwa mwekezaji sharti halikuwapo.

Mkutano bila karatasi, karatasi bila mkutano

Haki ya kuhudhuria mkutano na haki ya kuona nyaraka huchukuliwa kama mambo mawili tofauti. Kwa mkulima ni jambo moja lenye pande mbili.

Mkutano usio na karatasi huzaa ahadi. Watu husikiliza, hupiga makofi, huuliza maswali, kisha hurudi mashambani. Miaka mitatu baadaye mwenyekiti amebadilika, Mtendaji amehamishiwa kata nyingine na mwakilishi wa kampuni hayupo nchini. Kila mtu anakumbuka lake.

Karatasi isiyo na mkutano ni hatari zaidi. Watu wanne au watano wanaweza kuandika kwamba Mkutano Mkuu ulifanyika, wakaambatanisha orodha ya mahudhurio iliyokusanywa kwa shughuli nyingine, wakagonga muhuri. Karatasi hiyo ikishafika wilayani inakuwa ushahidi kuliko maneno ya kijiji kizima. Migogoro mingi ya ardhi nchini inapofika katika mabaraza ya ardhi huishia kwenye swali hilo: je, mkutano uliotajwa katika muhtasari huu ulifanyika kweli?

Dawa ya hali zote mbili ni ile ile. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa au mwanzoni mwa mkutano unaofuata, urekebishwe hadharani, kisha nakala yake ibaki mahali ambapo kila mkazi anaweza kuiona. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni kalamu, mashine ya kutoa nakala na ubao wa matangazo.

Sheria ya 2016 na mipaka yake

Katiba ya nchi, katika Ibara ya 18, inatambua haki ya raia kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Kwa muda mrefu haki hiyo haikuwa na utaratibu wa kuidai. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, na mwaka 2013 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliahidi mjini London kwamba sheria ya haki ya kupata taarifa ingepelekwa bungeni. Ilichukua hadi 2016 kwa Bunge kupitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka huo. Mwaka uliofuata nchi ikajitoa katika mpango ule wa kimataifa, lakini sheria ikabaki.

Kwa mkulima, sheria hiyo ina mambo manne ya kukumbuka. Kwanza, raia yeyote wa Tanzania anaweza kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma, na serikali za mitaa zimo. Pili, maombi hufanywa kwa maandishi, lakini asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisi ili ombi lake liandikwe. Tatu, ofisi ina siku 30 za kujibu. Nne, ada haipaswi kuzidi gharama halisi ya kutoa nakala.

Hata hivyo, sheria ina milango inayoweza kufungwa. Zipo taarifa zinazozuiwa, zikiwamo zinazogusa usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu na maslahi halali ya kibiashara. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachowagusa zaidi wakulima, kwa sababu mkataba wa mwekezaji unaweza kuwekwa katika kapu hilo. Anayenyimwa anaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kwa Waziri. Kwa mkazi wa Kurui au Vikumburu, ngazi hizo ni ndefu. Aidha, sheria imeweka adhabu ya kifungo kwa anayetoa taarifa iliyozuiwa na kwa anayepotosha taarifa aliyopewa. Mtendaji wa Kijiji asiye na uhakika wa kilichozuiwa na kisichozuiwa huona ni salama zaidi kunyamaza.

Ni vyema ieleweke kwamba muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji hauwezi kuwa siri. Yaliyomo yalisemwa mbele ya wakazi wote. Kuuficha ni kuficha maneno ya watu dhidi ya watu hao hao.

Kibaha, ambako ardhi inapanda bei

Kama Kisarawe inatoa somo la jana, Kibaha inatoa somo la leo. Wilaya hizi mbili zinapakana, zote ziko katika Mkoa wa Pwani na zote zimeegemea Jiji la Dar es Salaam. Lakini mkulima wa Kibaha hakabiliwi na mwekezaji mmoja wa hekta 8,000. Anakabiliwa na reli, barabara, viwanda, viwanja na madalali kwa wakati mmoja.

Treni za abiria za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza safari Juni 2024, zikipita Soga na Ruvu. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Miradi hiyo ni neema kwa uchumi wa taifa, na wakulima wa mboga, embe na kuku wa Kibaha wanaweza kunufaika na soko lililo karibu zaidi. Lakini kila mradi unapotangazwa, wa kwanza kujua utapita wapi hununua mashamba kwa bei ya jana na kuyauza kwa bei ya kesho. Mkulima asiyejua huuza mapema, tena kwa furaha, akidhani amempata mnunuzi mjinga.

Katika biashara yoyote, taarifa inapokuwa upande mmoja faida nayo huelekea upande huo. Ramani ya mradi, mchoro wa mipango miji na mpango wa matumizi bora ya ardhi si mapambo ya ofisi. Ni sehemu ya bei ya shamba.

Tofauti nyingine ni ya kisheria. Katika maeneo yaliyo chini ya Manispaa ya Kibaha hakuna vijiji, kuna mitaa. Mkutano mkuu wa mtaa hauna mamlaka juu ya ardhi kama ule wa kijiji. Mkulima anayelima Kibaha mjini hawezi kutegemea kura ya mkutano kuzuia mgawo. Kinachobaki mkononi mwake ni haki ya kuona michoro na kutoa maoni kabla haijapitishwa, jambo ambalo Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inalitaka. Kwa hiyo, pale mkutano unapopoteza nguvu, nyaraka huongezeka thamani.

Hali ni hiyo hiyo kwenye fidia. Kanuni za mwaka 2001 zinataja vipengele vinavyopaswa kuhesabiwa: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyofanyika, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaweka muda wa miezi sita wa kulipa baada ya uthamini kuidhinishwa, na ucheleweshaji huzaa riba. Lakini mkulima aliyeoneshwa jumla tu, bila mchanganuo, hawezi kujua kama posho ya makazi imo au haimo. Wala hawezi kudai riba kama hajui tarehe ya kuidhinishwa. Tarehe moja katika barua moja inaweza kuwa na thamani ya ng'ombe.

Gharama ya kuuliza

Kwa nini basi wakulima hawaombi? Jibu rahisi ni woga au kutojua. Jibu la kiuchumi ni kwamba kuuliza kunagharimu.

Chukua mfano wa kukadiria. Mkulima wa Mzenga anataka nakala ya barua iliyoko makao makuu ya wilaya, Kisarawe mjini. Nauli na chakula vikiwa Sh20,000 kwa safari, na siku moja ya kazi aliyoiacha ikiwa na thamani ya Sh10,000, safari tatu za "njoo kesho" zitamgharimu Sh90,000. Karatasi yenyewe hutolewa nakala kwa mia chache. Jambo likiwa mkoani, safari ni ndefu zaidi, kwani ofisi za mkoa, pamoja na ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoanzishwa mwaka 2020, ziko Kibaha, na watu wengi kutoka Kisarawe hulazimika kupitia Dar es Salaam kufika huko.

Kijiji kikiwa na kaya 500 na kila kaya ikafuata karatasi ile ile, jumla ni Sh45 milioni. Mtendaji akiibandika ukutani, gharama haifiki Sh5,000. Kwa upande mwingine, mtu mmoja akiifuata kwa niaba ya wote, yeye ndiye anayelipa na wengine 499 wanafaidika. Ndiyo maana kila mmoja humsubiri mwenzake na mwishowe hakuna aendaye. Mzigo huu hauondolewi kwa kumlaumu mkulima kwamba hafuatilii. Unaondolewa kwa kuifanya karatasi imfuate yeye.

Hili si nadharia tupu. Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha za ruzuku zilizotumwa kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Waligundua kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizokusudiwa. Serikali ya nchi hiyo ikaanza kutangaza magazetini na kubandika kwenye mbao za shule kiasi kilichotumwa. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Mabadiliko mengine ya usimamizi yalikuwapo katika miaka hiyo, hivyo si haki kutoa sifa zote kwa gazeti. Lakini mwalimu mkuu anayejua kiasi alichotumiwa hujua pia kiasi cha kudai.

Katika jimbo la Rajasthan nchini India, wakulima na vibarua walianza mwaka 1994 kuitisha mikutano ya hadhara ambamo orodha za malipo ya miradi ya vijiji zilisomwa kwa sauti. Watu walisikia majina ya marehemu yakiwa yamelipwa ujira na mafundi wakiwa wamelipwa kwa majengo yasiyokuwapo. Harakati hizo zilichangia India kupata sheria ya haki ya taarifa mwaka 2005. Yaani sheria ilizaliwa na daftari la vibarua lililosomwa hadharani, na si katika semina ya hotelini.

Upande wa watendaji

Si haki kuwatazama watendaji wote kama wafichaji. Watendaji wa Vijiji wengi hufanya kazi bila mashine ya kutoa nakala, bila kabati lenye kufuli, na wengine bila jengo la ofisi. Akihamishwa, nyaraka hubaki kwenye boksi au huondoka naye. Kuna vijiji ambavyo kitabu cha mihtasari cha miaka kumi iliyopita hakijulikani kilipo, na hakuna aliyekificha. Kimeliwa na mchwa.

Wapo pia wanaohoji kwamba kutangaza ramani za miradi mapema huwaalika madalali na kupandisha fidia. Hoja hiyo ina ukweli. Mara eneo linapojulikana, baadhi ya watu hupanda miche usiku kucha ili ihesabiwe. Lakini usiri hauwazuii madalali, kwa kuwa wao hupata taarifa kwa njia zao. Unaowazuia ni wakulima tu. Njia bora ni kutangaza tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali ili kilichopandwa baada ya hapo kisihesabiwe, na kisha kuweka ramani wazi kwa wote kwa siku moja.

Faragha nayo ina nafasi yake. Si lazima namba za akaunti za benki na taarifa za ugonjwa wa mtu zibandikwe ukutani. Kinachotakiwa wazi ni uamuzi, mipaka, kiasi na tarehe.

Wawekezaji makini nao wanapaswa kuupenda uwazi huu. Shamba lililopatikana kwa muhtasari wa kughushi ni shamba lenye kesi. Benki haitoi mkopo kwa moyo mkunjufu pale penye mgogoro, na mlinzi wa usiku ni ghali kuliko kisima kilichoahidiwa.

Kinachowezekana sasa

Mengi yanaweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Mwanakijiji anaweza kuanza kwa kuhudhuria Mkutano Mkuu na kudai muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kabla ya ajenda nyingine. Anaweza kudai kila ahadi ya mwekezaji iandikwe kama sharti, ikiwa na kiasi, tarehe na nini kitafuata isipotekelezwa. Robo mwaka ikipita bila mkutano, wananchi wanaweza kuandika barua kwa Mwenyekiti na nakala kwa Mtendaji wa Kata.

Ombi la nyaraka liandikwe kwa ufupi: jina la nyaraka, mwaka wake na ofisi inayoitunza. Mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani siku 30 huhesabiwa kutoka tarehe hiyo. Kwa kuwa gharama ya safari ni kubwa, ni busara ombi liwasilishwe na chama cha ushirika cha msingi au kikundi cha wakulima wa korosho, machungwa au mihogo, kisha majibu yasomwe mbele ya wanachama.

Vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani navyo huwa wazi kwa wananchi. Tatizo ni kwamba anayeketi nyuma bila makabrasha husikia "ukurasa wa 14, kipengele cha pili" na kutoka kama alivyoingia. Halmashauri za Kisarawe na Kibaha zikiweka makabrasha matatu au manne katika ofisi ya kila kata wiki moja kabla ya kikao, diwani ataulizwa maswali ya maana na mkulima ataelewa fedha zake zimekwenda wapi.

Kwa upande wa serikali, bajeti ya kabati la chuma na mashine ya nakala kwa kila kata ni ndogo ikilinganishwa na gharama za kesi za ardhi. Vijiji ambavyo havijapata masjala ya ardhi vipewe kipaumbele, kwa sababu hati za kimila zinazotolewa bila masjala iliyo salama ni karatasi tu.

Ekari 20,000 za Kisarawe zilitoka kwenye vijiji 11 kwa hatua zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Ahadi zilizopaswa kurudi vijijini hazikuandikwa. Huko Kibaha, ramani za miaka ijayo zinachorwa sasa. Mkulima atakayesubiri kusikia kwa dalali atasikia, lakini baada ya bei kupangwa. Atakayeomba kuona daftari leo, hata kama litamgharimu safari mbili na barua moja yenye muhuri, atakuwa amefanya kazi ya shambani iliyo muhimu sawa na palizi.